Uliza Sista: Kahawa vikombe vingapi ndio vingi?

Mwezi uliopita nilimjibu msomaji mmoja aliyekuwa anakosa usingizi nikamwambia apunguze kahawa, mstari mmoja tu, nikaendelea na mambo mengine. Huo mstari umeniletea barua kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuandika hapa. Kuna wenye wanasema kahawa ni sumu, kuna wenye wanasema ni dawa ya sukari, na mama mmoja wa Ahero anauliza kama ni kweli inakausha damu. Basi leo ni kahawa tu mwanzo mpaka mwisho. Mimi nimefanya unesi miaka mingi hapa Nakuru, lakini nilizaliwa upande wa Chwele, chini ya Mlima Elgon, na karo yangu yote ilitoka kwa kahawa, kwa hivyo hili jambo linanigusa pande zote mbili.

*Sista, habari yako. Mimi ni soja wa usiku kwenye godauni moja Industrial Area hapa Nakuru, miaka 34. Naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi. Nabeba thamosi ya maji moto na kahawa ya mkebe, nakunywa vikombe vinne vikubwa, siku zingine vitano, kila kimoja vijiko viwili vya kahawa na vitatu vya sukari. Siku hizi ikifika saa tisa usiku moyo unanidunda, mikono inatetemeka, na nikifika nyumbani silali, nageukageuka mpaka saa saba mchana. Lakini nikiacha nitasinzia kazini nifutwe. Nisaidie. Soja wa Nakuru.*

Ndugu yangu, pole na kazi, najua baridi ya Nakuru saa tisa usiku ilivyo. Kwanza la haraka. Moyo ukidunda hivyo na ukasikia uchungu kifuani, au pumzi inakatika, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, usingoje gazeti, enda hospitali siku hiyo hiyo. Na hata kama hayo hayapo bado pitia kituo cha afya wakupime presha na damu, manake moyo kwenda mbio unaweza kusababishwa na upungufu wa damu au tezi ya shingo, si kahawa peke yake.

Sasa hesabu. Juzi nilichukua kijiko cha chai jikoni kwangu na ile mizani ndogo napimia unga wa keki. Kijiko nilichokifuta juu kikawa sawa kilitoa gramu 2 za kahawa ya kuyeyuka, na kijiko cha mlima, venye wengi wetu tunachota bila kufikiri, kilikaribia gramu 3. Gramu 2 za kahawa kama hiyo zina kafeini, kile kitu cha kahawa kinachofukuza usingizi, kama miligramu 60. Kwa hivyo vijiko vyako viwili vya mlima ni karibu 180 kwa kikombe kimoja, mara vinne ni 700 na kitu, na siku ya vikombe vitano unakaribia 900. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia utafiti mwingi ikasema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia mpaka miligramu 400 kwa siku, na isipite 200 kwa mara moja. Wamarekani pia wanasimama kwa hiyo 400. Wewe uko karibu maradufu, tena zote ndani ya usiku mmoja, kwa hivyo huo mtetemeko wa mikono ni mwili unakuambia ukweli.

Na nataka uelewe kitu kimoja kwa sababu kitakusaidia kuliko hesabu. Kafeini haikupi nguvu. Tangu ulipoamka ubongo wako unajaza kitu kinaitwa adenosini, pole pole, saa baada ya saa, na hiyo ndiyo inakuambia umechoka lala. Kafeini inakuja inakalia kiti cha adenosini, basi ule ujumbe wa uchovu haufiki. Uchovu wenyewe haujaenda popote, uko nje ya mlango unangoja, na kafeini ikiondoka unaingia wote mara moja. Tena haiondoki haraka. Kwa watu wengi inachukua kama masaa matano nusu yake itoke mwilini. Kikombe ulichokunywa saa kumi alfajiri, nusu yake bado iko ndani yako saa tatu asubuhi wakati umejifunika blanketi unalazimisha macho. Kuna utafiti ulifanywa Marekani ukachapishwa 2013, watu walipewa miligramu 400 masaa sita kabla ya kulala, na bado usingizi wao ulipungua kwa zaidi ya saa nzima. Halafu usiku unaofuata umeamka na uchovu wa jana, unaongeza kikombe, asubuhi hulali tena, na duara inaendelea.

Fanya hivi. Badilisha kikombe, chukua kile kidogo cha kawaida, kijiko kimoja kilichofutwa juu. Cha kwanza kunywa saa mbili usiku, kingine saa nne, cha mwisho saa sita, ukichelewa sana saa saba, baada ya hapo thamosi ni ya maji moto ama ya uji. Usiruke kutoka vikombe vitano mpaka hapo kwa siku moja, kichwa kitakupasuka, punguza kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi. Lala kwa muda wa saa moja au mbili mchana kabla ya kwenda kazini hata kama unaona hauhitaji. Ikifika saa tisa usiku, ile saa mbaya, simama uzunguke godauni, nawa uso, ongea na mwenzako wa geti la pili.

Halafu nikuulize, usiku unakula nini? Hukuandika, na nashuku ni andazi na kahawa. Nimeuguza masoja wengi na wengi wao kahawa imekalia mahali pa ugali. Beba chakula, ugali na maharagwe ama githeri, ule saa tano. Na ile sukari, vijiko vitatu mara vikombe vitano ni vijiko 15, hapo uko kwenye gramu 60, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya gramu 50 kwa siku nzima na ikiwezekana chini ya 25. Kahawa yenyewe pengine haingekusumbua hivyo ukikaa miaka kumi nayo, lakini hiyo sukari itakufuata. Na dirisha la chumba chako tundika blanketi zito, mwili haulali vizuri ukiona mwanga.

*Sista mpendwa, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kakamega, nina mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Napenda kahawa ya maziwa asubuhi na chai saa nne na saa kumi. Mama mkwe anasema niache kahawa kabisa kwa sababu mtoto atatoka mweusi tititi. Kliniki nilipewa tembe za damu na nazimeza na chai ili zisinichefue. Je, nafanya vibaya? Mama Mtarajiwa.*

Hongera mwanangu. Rangi ya mtoto inatoka kwako na kwa baba yake na kwa mababu wa pande zote mbili, kahawa haina rangi ya kumpa. Lakini usimjibu mama mkwe vibaya, manake sababu yake si ya kweli ila tahadhari yake ina maana.

Kafeini inapita kwenye kondo la nyuma inamfikia mtoto, na mtoto hana uwezo wa kuivunja kama wewe. Wewe mwenyewe pia sasa unaivunja polepole zaidi, yale masaa matano niliyomwambia soja hapo juu, kwa mjamzito wa miezi ya mwisho yanaweza kufika 15. Kafeini nyingi kwa mimba imehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo na pia mimba kutoka. Ndiyo maana kwa mjamzito hesabu inashuka mpaka miligramu 200 kwa siku, na hapo hesabu pia chai, watu wengi wanasahau kwamba chai ina kafeini, kikombe kimoja kikubwa ni kama 40 au 50. Ukikunywa kikombe kimoja cha kahawa cha kijiko kimoja na chai mbili uko karibu 160. Uko ndani ya mpaka, lakini usiongeze na soda nyeusi juu yake, na mimi ningekuwa wewe ile chai ya saa kumi ningeibadilisha na uji wa wimbi.

Kitu kinanisumbua zaidi kwenye barua yako si kahawa, ni tembe kumezwa na chai. Mwanangu, wacha hiyo leo leo. Chai na kahawa zina vitu vinashika madini ya chuma tumboni vinayazuia kuingia kwenye damu. Mwaka 1983 watafiti walipima wakaona kikombe cha kahawa pamoja na chakula cha nyama kilipunguza chuma kinachoingia kwa asilimia 39, na chai ilipunguza kwa asilimia 64. Umeona hiyo? Chai ndiyo mbaya zaidi kuliko kahawa na ndiyo tunakunywa mchana kutwa. Kwenye huo utafiti waliokunywa kahawa saa moja kabla ya kula hawakupoteza kitu, lakini walioinywa saa moja baada ya kula walipoteza sawa tu na walioinywa pamoja na chakula, kwa hivyo ni afadhali kinywaji kitangulie chakula kwa saa nzima kuliko kifuate mara moja. Tembe meza na maji, na chungwa kando ama juisi ya ndimu inasaidia chuma kuingia, chai na kahawa zikae mbali kama masaa mawili. Kama tembe zinakuchefua zimeze usiku ukienda kulala, na zikizidi mwambie nesi wa kliniki, kuna njia. Kula omena, managu, maharagwe, na nyama siku ikipatikana.

Na yule mama wa Ahero aliyesikia kahawa inakausha damu, nadhani maneno yanatokea hapa. Haikaushi damu, inazuia chuma, na kwa mtu ambaye tayari damu ni kidogo, mama anayenyonyesha, msichana wa hedhi nzito, mtoto mdogo, matokeo unaweza kuyaona usoni na kwenye kucha.

*Sista, nikikosa kahawa siku moja kichwa kinauma mpaka natapika. Nimeshaathirika? Busia.*

Mwili umeizoea, si ugonjwa wa kukutisha. Mishipa ya kichwa inapanuka kafeini ikitoka. Maumivu huanza masaa 12 mpaka 24 baada ya kikombe cha mwisho, siku ya pili ndiyo mbaya, na huisha ndani ya siku mbili mpaka tisa. Punguza robo kikombe kila baada ya siku mbili tatu badala ya kukata ghafla. Lakini hiyo ya kutapika sijaipenda, kama kichwa kinakuja hata siku umekunywa kahawa nenda wakuangalie macho na presha. Na chunguza dawa za maumivu unazomeza, baadhi zina kafeini ndani yake, unaweza kuwa unaacha mkono huu unachukua na ule.

*Habari Sista, mimi ni mkulima Molo. Sisi huku baridi ni kali, chai na kahawa tunakunywa ikiwa inachemka, mzee wangu akiona moshi umeisha anarudisha jikoni. Ndugu yake alikufa na saratani ya koo mwaka jana na daktari alisema mambo ya vitu moto. Ni kweli au ni kutisha watu?*

Pole kwa msiba. Ni kweli, na ningependa kila nyumba ya kuanzia Molo mpaka Bomet isome hili. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lile liko Lyon Ufaransa, lilikaa likaangalia upya kahawa. Tangu 1991 walikuwa wameiweka kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kuleta saratani ya kibofu, na 2016 wakaitoa hapo, wakasema ushahidi hautoshi. Lakini mkutano huo huo ukasema vinywaji vya moto kupita digrii 65, chochote kile, chai, kahawa, hata maji, pengine vinasababisha saratani ya umio, ile bomba inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ule moto unaunguza ngozi ya ndani, inapona, unaunguza tena, miaka nenda miaka rudi. Na sisi wa Bonde la Ufa na magharibi tuko kwenye ukanda ambao saratani hiyo ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Sababu ni zaidi ya moja, pombe na sigara zimo, lakini huu wa moto ndio rahisi kuurekebisha bila shilingi hata moja.

Nilipima kwangu nyumbani. Kahawa kutoka thamosi ndani ya kikombe cha udongo ilikuwa digrii 78, na ilichukua kama dakika nane kushuka chini ya 65, na bado ilikuwa ya kupasha mikono vizuri kabisa. Kwa hivyo mwambie mzee, kwa heshima, amimine halafu amalize kukamua ng'ombe mmoja ndipo anywe. Ukitia maziwa ya baridi dakika zinapungua. Kipimo bila mashine ni hiki, kama huwezi kupiga fundo kamili bila kuvuta hewa pamoja nalo, bado. Na mtu yeyote akianza kuona ugali unakwama akimeza, anasukuma na maji, asitumie dawa za kienyeji miezi mitatu, aende hospitali mara moja. Hii saratani wagonjwa wengi wanatufikia wakiwa wanaweza kumeza uji tu, na hapo tunakuwa tumechelewa, nimewaona, nimewashika mkono.

*Sista naomba msaada. Kijana wangu yuko kidato cha nne, miaka 17, anakaa nyumbani hapa Kondele anasoma shule ya kutwa. Nimegundua anachanganya kahawa ya unga na soda nyeusi ya nusu lita usiku ili asome mpaka saa tisa. Anasema darasa lote wanafanya. Kilo zake ni 55 hivi. Mama wa Kisumu.*

Mama, darasa lote wanafanya kweli, hapo hakudanganyi. Nilipokuwa nafanya zamu za dharura usiku tulikuwa tunaletewa watoto kama yeye kila mwaka ukikaribia mtihani wa KCSE, moyo mbio, wanalia wanafikiri wanakufa.

Kwa umri wake wale wa Ulaya walisema isipite miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili, kwake ni 165 siku nzima. Vijiko viwili vya kahawa ni 120 vikifutwa, vikiwa vya mlima ni 180, na soda inaongeza karibu 50. Amepita, tena kwa kinywaji kimoja. Na hiyo chupa ya nusu lita ina sukari gramu 50 na zaidi, vijiko 12 vya chai. Wengine wanatumia zile enaji za mkebe, mkebe wa mililita 250 una kama 80 na ule mkubwa wa nusu lita unafika 160, hapo pia si afadhali.

Lakini ukimpelekea nambari atakuonyesha rafiki yake aliyepata A. Mwambie hivi, maana ni kweli na ni kwa faida yake: kitu alichosoma saa tatu usiku ubongo unakipanga na kukihifadhi akiwa amelala. Akikesha mpaka saa tisa anamimina maji kwenye mtungi wenye shimo. Afunge vitabu saa nne na nusu, alale, aamke saa kumi na moja asome kwa muda wa saa moja na akili mbichi. Akitaka kahawa anywe kikombe kimoja cha maziwa saa kumi jioni akirudi shule, si dhambi. Na mkae chini umuulize ni somo gani linamtisha hivyo, kwa sababu mtoto hachanganyi vitu kama hivyo bila hofu, na hiyo hofu ndiyo ya kushughulikia. Ongea na mwalimu wake.

*Kwa Sista. Mimi ni mzee wa miaka 66, Kimilili. Nimelima kahawa tangu kijana, na baba yangu kabla yangu, lakini maisha yangu yote nimekunywa chai. Mwaka huu kijana wangu alinifundisha kukaanga kidogo ya kwetu, nikaonja, nikaipenda sana. Nina presha, natumia dawa. Rafiki amenikataza akasema kahawa na presha ni kifo. Kijana anasema inatibu mpaka sukari. Nishike lipi?*

Mzee wangu, barua yako niliisoma mara tatu. Nami nimebeba cheri kwa debe kichwani mpaka fakitori, nikasimama kwenye laini tukingoja mizani, na nyumbani mama akatupikia chai. Babu zetu wakati wa mkoloni walikatazwa hata kuupanda huu mti, Mwafrika aliruhusiwa tu miaka ya 1930, Kisii na Meru wakiwa kati ya wa kwanza, na tulipoupata tuliulima, tukauvuna, tukauuza wote nje. Kwa hivyo kwamba umeonja ya shamba lako ukiwa na miaka 66, mimi nimefurahi kutoka moyoni.

Kahawa inapandisha presha, ni kweli, kwa muda. Kwa mtu asiyeizoea inaweza kupanda pointi chache hadi kama nane kwa masaa matatu hivi kisha inarudi, na mwili ukizoea inapanda kidogo kuliko pale mwanzo. Wanywaji wa kiasi wakifuatwa miaka mingi haijaonekana kwamba kahawa ndiyo iliyowaletea presha. Swali lako wewe ni presha yako iko wapi sasa. Watafiti wa Japani walifuata watu zaidi ya 18,000 kwa karibu miaka 19, wakachapisha 2022, wakaona wale wenye presha kali, ya 160 kwa 100 kwenda juu, waliokunywa vikombe viwili na zaidi kwa siku walikuwa na hatari maradufu ya kufa na ugonjwa wa moyo na mishipa. Waliokunywa kimoja hatari haikupanda. Na wenye presha ya chini ya hapo hawakuonyesha shida hiyo. Basi enda upimwe. Usinywe kahawa nusu saa kabla ya kupimwa, keti kwanza utulie dakika tano. Dawa ikiwa imeishikilia presha chini ya 140 kwa 90, kikombe kimoja asubuhi hata viwili sina neno navyo, ongea na daktari wako umweleze tu kwamba umeanza. Ikiwa iko 160, subiri kwanza ishuke. Na kama kuna kitu cha kupigana nacho ni chumvi ya mezani, na siku unazoruka dawa kwa sababu unajisikia vizuri.

Kijana wako naye ana kipande cha ukweli. Wanywaji wa kahawa wameonekana kupata kisukari kidogo kuliko wasiokunywa, na ini lao pia ni zuri zaidi, na mwaka 2017 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha muhtasari wa tafiti nyingi ukaonyesha vikombe vitatu mpaka vinne kwa siku ndipo faida ilikuwa kubwa. Lakini hapo watu walitazamwa tu wanavyoishi, hawakupewa kahawa kama dawa, na kupunguza hatari kwa asiyeumwa si sawa na kumtibu anayeumwa. Asije mtu akaacha dawa ya sukari akashika kikombe. Ukiwa unatumia dawa nyingine pia sema, kwa mfano ile sipro ya taifodi inafanya kafeini ikae mwilini muda mrefu zaidi, na dawa ya tezi haitaki kahawa karibu nayo, ngoja saa moja.

Kitu cha mwisho ni namna unavyoipika. Kahawa ya kuchemshwa kwenye sufuria bila kuchujwa ina mafuta fulani yanayopandisha kolestro, na kwa mtu wa presha hatuitaki hiyo. Karatasi ya kuchujia inayashika karibu yote, kitambaa kizito cha pamba kinasaidia pia. Chukua mbuni, ile kahawa bado iko na maganda yake, iliyokauka vizuri, twanga kwenye kinu maganda yatoke, pepeta kwa ungo, kaanga kwenye sufuria nzito moto mdogo huku unakoroga bila kupumzika mkono. Ikianza kulia pa, pa, subiri kidogo, ikiwa kahawia kama udongo wa kwetu baada ya mvua itoe, usiiache mpaka ing'ae nyeusi, hapo inabaki uchungu tu. Imwage kwenye ungo ipoe. Saga ya siku moja. Kijiko kimoja kikubwa kwa kikombe, maji yaliyotoka kwa moto dakika moja hivi, chuja, ngoja ipoe kidogo, bila sukari kwanza, na unywe ukiwa umekaa pale unaona miti yako.